Qi: Nguvu ya Uhai katika Tiba ya Jadi ya China

Qi ni nguvu ambayo, kwa mujibu wa matabibu wa jadi wa China, huupa mwili joto, huisukuma damu na kuzuia maradhi. Kiasi fulani mtu huzaliwa nacho. Kingine hukipata kwa chakula na pumzi. Ikipungua, mtu hulegea, ikikwama, huumwa. Sindano na dawa za mitishamba hutumika kuirudisha katika mwendo wake kwenye njia inazopitia mwilini.

Maandiko ya kwenye hariri yaliyofukuliwa mwaka 1973 katika kaburi la Mawangdui, lililofungwa mwaka 168 KK, yanataja njia 11 za aina hiyo. Kitabu cha Huangdi Neijing kina 12, na ndiyo hesabu iliyodumu.

Mwaka 1027 tabibu Wang Weiyi alisimamia uundaji wa sanamu mbili za shaba zenye ukubwa wa mtu, zilizotobolewa matundu mahali pa kuchomwa sindano. Inasimuliwa kwamba siku ya mtihani wa kuchoma sindano sanamu ilipakwa nta na kujazwa maji: mwanafunzi akilenga sawasawa, maji yalichuruzika, akikosea, sindano iligota kwenye shaba. Mtihani mkali, lakini wa haki.

Upasuaji wa maiti haujawahi kuonyesha njia hizo za qi, ingawa vyuo vya tiba ya jadi nchini China vinaendelea kuzifundisha.