Medianuwai: Kazi Moja, Vibebaji Vingi

Neno la Kiingereza "multimedia" limezoeleka katika matangazo ya maonyesho na mafunzo ya sanaa nchini Kenya, na Kiswahili kina kisawe chake: medianuwai. Wengi wanaolisikia hufikiria kompyuta, projekta na nyaya zilizotandazwa sakafuni. Maana hiyo ni finyu, na ufinyu wake una hasara. Kijana wa Kitui au Makueni anayetaka kusimulia mto wa kwao na kumbukumbu za jamaa zake huishia kuamini kwamba sanaa hii si ya watu wa hali yake, ilhali sehemu kubwa ya anachohitaji iko nyumbani kwao. Istilahi hii inastahili kufafanuliwa vizuri.

Medianuwai imeundwa kwa njia ambayo wanaisimu huiita uhulutishaji: maneno mawili huunganishwa na baadhi ya sauti zake zikadondoshwa. Ndivyo "chakula cha jioni" kilivyozaa "chajio". Hapa "media" imekutana na "anuwai" na irabu moja ikamezwa. Anuwai, neno lililotoka Kiarabu, ni aina mbalimbali. Picha kumi za bwawa lilelile ni nyingi lakini si anuwai. Picha moja, sauti moja na gunia la mchanga vikiwekwa pamoja ni anuwai. Kwa hiyo istilahi yetu inadai vitu vinavyotofautiana kwa asili, wala haitosheki na wingi.

Utata uko kwenye "media". Katika Kiswahili cha kila siku neno hilo limefungamana na vyombo vya habari: gazeti, redio, runinga. Katika sanaa, media ni kibebaji, yaani kile ambacho msanii anakitumia ili maana imfikie mtazamaji. Rangi ni kibebaji. Sauti ya mtu ni kibebaji, na vilevile udongo, uzi wa katani, video na mwili wa msanii mwenyewe. Ndiyo maana "sanaa ya vyombo vya habari" haiwezi kuwa tafsiri yake. Ingempeleka msomaji kwenye chumba cha habari badala ya karakana.

Hata kwa Waingereza na Wamarekani neno "multimedia" halikuanzia kwenye kompyuta. Mwaka 1966 msanii Bob Goldstein wa Marekani alilitumia kuelezea onyesho lake lililounganisha muziki na mianga. Tarakilishi za nyumbani zenye uwezo wa kucheza sauti na video zililichukua miaka mingi baadaye, na kwetu likaingia kupitia mlango huo wa pili. Tukirudi kwenye mlango wa kwanza tutaona kwamba jambo la msingi ni hisi za mtazamaji kuamshwa kwa pamoja: macho, masikio, ngozi, hata pua.

Istilahi hii ina jirani anayechanganywa nayo mara kwa mara, nayo ni mseto wa malighafi. Tofauti yake inaonekana kwa Kaloki Nyamai, msanii aliyezaliwa Kitui mwaka 1985 na aliyekuwa miongoni mwa wasanii wanne wa banda la Kenya katika maonyesho ya Venice mwaka 2022. Katika kazi zake, rangi, nyuzi na kamba za katani hukutana juu ya kanvasi. Vipande hushonwa pamoja, na picha huhamishiwa juu yake hadi sura za watu zikatokeza kama zinazopita kwenye vumbi. Anachota kutoka katika masimulizi ya Wakamba. Kanvasi moja ya namna hiyo ni mseto wa malighafi: vitu vingi, lakini vyote vinasomwa kwa jicho juu ya uso mmoja.

Syowia Kyambi, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1979 na aliyekuwa naye katika banda hilohilo, anatuvusha upande wa pili. Yeye hutumia picha, video, sauti, sanamu na utendaji wa mwili wake mbele ya watazamaji, akichunguza namna historia inavyokaa ndani ya kumbukumbu za watu. Hapo mtazamaji haangalii tu. Anasikia, anazunguka, anasogea karibu na kurudi nyuma. Hiyo ndiyo medianuwai.

Tuje sasa kwenye mazingira. Ukambani, wanakoishi Wakamba wa Kitui na Makueni, kuna hazina ambayo msanii wa medianuwai angeitamani popote duniani: ukame wenye majina. Wakamba wameipa kila njaa kubwa jina lake. Ile ya mwishoni mwa karne ya 19 iliitwa Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali. Katika miaka ya 1980 ikaja Nikw'a Ngwete, maana yake nafa huku nimeshika, yaani fedha mkononi ipo lakini chakula cha kununua hakuna. Jina hilo moja limebeba uchumi, hali ya hewa na uchungu wa mtu mmoja mmoja. Ukiliandika ukutani linaeleweka. Ukimsikia nyanya aliyeipitia njaa hiyo akilitamka, akinyamaza kidogo kabla ya neno la pili, unapata kitu ambacho maandishi hayana. Sauti, basi, hubeba kumbukumbu ambayo wino hauiwezi.

Mchanga nao una lake. Mito mingi ya Kitui na Makueni hutiririka majira ya mvua tu, hasa zile za Oktoba hadi Desemba ambazo wakulima wa huko huzitegemea zaidi. Maji yanapoisha juu, hubaki chini, katika nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga. Mabwawa ya mchanga yanatumia siri hiyo: ukuta wa zege hujengwa kukatiza mto, mafuriko huleta mchanga mkubwa na kuurundika nyuma ya ukuta, na mchanga huo hutunza maji yasikaushwe na jua. Shirika la SASOL la Kitui limeyajenga pamoja na wanavijiji tangu miaka ya 1990. Mchanga ukizolewa na malori kwenda kwenye ujenzi mijini, ghala la maji limebebwa pamoja nao. Ndiyo sababu Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na Kitui ikapiga marufuku kuusafirisha nje ya kaunti mwaka 2018.

Mweleze mtu haya kwa maneno, ataitikia kwa kichwa. Mwekee mbele yake karai la mchanga wa mtoni, mwambie achimbe kwa mkono hadi aguse ubaridi wa maji yaliyojificha chini, naye amejua kwa vidole vyake. Kama pembeni kuna video ya wanawake wakichota kwenye shimo la mtoni, kata baada ya kata, wakingoja maji yajikusanye upya kabla ya kuchota tena, na kwenye spika mzee anataja mahali ambapo utotoni mwake shimo kama hilo lilikuwa la kina cha kiwiko tu, vibebaji vitatu vimegawana kazi. Mchanga unaeleza jinsi maji yanavyotunzwa. Video inaonyesha muda na subira. Sauti inaleta miaka iliyopita.

Video yenyewe inaweza kutoka mikononi mwa mwenye kisa. Kisilu Musya, mkulima wa Mutomo, Kitui, alipewa kamera na mtengenezaji filamu wa Norway, Julia Dahr, naye akarekodi maisha ya familia yake, mashamba, ukame na mafuriko. Filamu yao, "Thank You for the Rain", ilitoka mwaka 2017. Inamfuata kuanzia shambani kwake hadi mkutano wa tabianchi wa Paris mwaka 2015. Wataalamu wana takwimu za mvua. Kisilu ana nyumba iliyoharibiwa na dhoruba na watoto wanaomtazama. Filamu peke yake ni kibebaji kimoja chenye picha na sauti ndani yake, kwa hiyo wengine hawataiita medianuwai. Hata hivyo inatufundisha jambo ambalo kila kazi ya aina hii inalihitaji: mwenye kumbukumbu awe na mkono katika kuisimulia. Sauti ya nyanya si malighafi ya kuokotwa kama jiwe. Aombwe ruhusa, asikilizishwe kilichorekodiwa, na awe na haki ya kusema sehemu hii iondoke.

Tukikusanya yote, fasili yangu ni hii: sanaa ya medianuwai ni kazi moja inayojengwa kwa vibebaji vya asili tofauti, kila kimoja kikibeba sehemu ya maana ambayo kingine hakiwezi kuibeba. Kipimo chake ni rahisi. Ondoa kibebaji kimoja. Kama kazi imebaki na maana ileile, hicho kilikuwa pambo. Kama imepungukiwa, kilistahili nafasi yake.

Kwa kipimo hicho, simu ya kurekodia sauti, karai la mchanga na picha ya zamani ya shamba vinaweza kuwa medianuwai kamili, na ukumbi uliojaa skrini usiwe. Hili lina uzito wa pekee leo mahali ambapo Bwawa la Thwake linajengwa, mto Thwake unapokutana na mto Athi mpakani mwa kaunti za Kitui na Makueni, na familia zimelazimika kuhama. Makazi yatafunikwa na maji, na watu walioyajua bado wapo. Walimu wa sanaa, maafisa wa utamaduni na vijana wenye simu mkononi waanze sasa: warekodi sauti, wachukue udongo, wapige picha za njia na miti, na waandike jina la kila mahali kama wenyeji wanavyolitamka.