Rikers Island: tiba fupi inayoanzia jela

Mwaka 1935 serikali ya Marekani ilifungua mjini Lexington, Kentucky, hospitali iliyokuwa pia gereza, kwa ajili ya waraibu wa dawa za kulevya. Wafungwa walikaa humo miezi mingi, wakilima na kufuga. Walipotoka, wengi walirudia unga. Daktari wa akili Marie Nyswander aliwahi kufanya kazi hapo.

Baadaye, jijini New York, Nyswander alishirikiana na Dk. Vincent Dole kuwapa waraibu wa heroini methadoni, dawa ya kunywa mara moja kwa siku inayozuia arosto. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Dole aliipeleka Rikers Island, kisiwa chenye jela za jiji hilo. Watu waliokaribia kuachiwa walichaguliwa kwa bahati nasibu. 12 walianzishiwa methadoni wakiwa bado ndani, wakaendelea nayo uraiani, 16 hawakupewa. Matokeo yalichapishwa 1969: wote 16 walirudia heroini, na 15 kati yao walirudi jela. Katika wale 12, waliofungwa tena ni watatu.

Ni watu wachache, lakini tofauti kubwa namna hiyo haikustahili kuwekwa kabatini. Ilibidi ifike 1987, ukimwi ukiwamaliza wanaojidunga sindano, ndipo Rikers ikapata mpango wa methadoni uitwao KEEP. Wengi wa walioko kisiwani humo ni mahabusu au wenye vifungo visivyozidi mwaka, kwa hiyo tiba ya miezi mingi haiwezekani. Mtu anakunywa dozi yake mbele ya muuguzi kila siku, na siku ya kutoka anaelekezwa kliniki ya mtaani itakayompokea.

Maoni yangu ni kwamba ufupi si kasoro. Kasoro ni tiba kukatika getini. Mwaka 2007 watafiti waliowafuatilia wafungwa zaidi ya 30,000 walioachiwa katika jimbo la Washington waligundua kwamba, katika wiki mbili za kwanza, hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya wananchi wengine. Mwili uliokaa bila unga hauhimili tena kipimo cha zamani, na mtu anarudi na kipimo kilekile.

Wanaopanga tiba magerezani, popote walipo, wasimfungulie mfungwa geti kabla hajajua kesho yake atakunywa dawa kliniki gani.