Maji yasipokuwa na uzito: namna vimiminika vinavyodhibitiwa angani

Ndani ya chombo kinachoizunguka Dunia, maji hayatulii chini kwa sababu chini haipo. Kituo cha Kimataifa cha Anga huzunguka katika kimo cha takribani kilomita 400, ambako nguvu ya mvutano wa Dunia bado ni karibu asilimia 90 ya ile ya ardhini. Dhana iliyoenea kwamba mvutano huo umekwisha huko juu si sahihi. Uzito hauhisiwi kwa kuwa kituo, wanaanga na maji yao huanguka kwa pamoja bila kukoma, wakiizunguka Dunia pasipo kuifikia.

Katika hali hiyo hutawala nguvu ambayo ardhini huonekana katika mambo madogo tu, kama vile tone linaloning'inia kwenye mdomo wa bomba au mafuta ya taa yanayopanda katika utambi wa kibatari. Hiyo ni nguvu ya mvutano wa uso wa kimiminika. Maji yaliyoachwa huru hujikusanya kuwa tufe. Yakigusa kitu, hung'ang'ania na kutambaa juu yake. Viputo vya hewa navyo havipandi juu, bali hubaki vilipo katikati ya maji.

Madhara ya tabia hiyo yalidhihirika tarehe 16 Julai 2013. Mwanaanga wa Italia, Luca Parmitano, alikuwa nje ya kituo alipohisi maji nyuma ya kichwa chake. Matundu ya kifaa kinachotenganisha maji na hewa katika vazi lake yalikuwa yameziba kwa uchafu, hivyo maji ya kupoozea mwili yakaingia katika njia ya hewa hadi ndani ya kofia. Ardhini yangetiririka shingoni. Huko yaligandamana na uso wake, yakafunika macho na pua, naye hakuweza kuyafuta akiwa amevaa kofia. Alirejea mlangoni akiongozwa na waya wake wa usalama, akiwa hatarini kuzama katika takribani lita moja na nusu ya maji. Wiki moja kabla, maji yalikuwa yameonekana katika kofia hiyohiyo, yakadhaniwa kuwa yamevuja kutoka katika mfuko wa kinywaji. Baada ya tukio hilo, mavazi yaliwekewa kitambaa cha kufyonza maji na mrija wa kupumulia.

Ugumu huohuo wa kutenganisha kimiminika na gesi huwakabili wahandisi wa roketi. Injini ikivuta gesi badala ya mafuta inaweza kushindwa kuwaka au kuharibika, na katika tangi lisilo na uzito hakuna hakika kuwa mafuta yapo karibu na tundu la kutokea. Roketi ya Saturn V, iliyowapeleka wanaanga Mwezini, ilitumia injini ndogo kuisukuma hatua yake ya tatu mbele kidogo, ili mafuta yakusanyike upande wa nyuma kabla ya injini kuu kuwashwa upya. Matangi mengine huwa na kiwambo kinachonyumbulika: gesi husukuma upande mmoja na mafuta hutoka upande wa pili. Kwa vimiminika baridi sana, kama haidrojeni, mpira hukakamaa na kupasuka; hapo hupendelewa nyavu laini za chuma na mapezi ndani ya tangi, ambayo huyaongoza mafuta kama utambi.

Katika maisha ya kila siku kituoni, kuzungusha ndiko hushika nafasi ya uzito. Mkojo huchemshwa ndani ya pipa linalozunguka, kimiminika kikabanwa ukutani na mvuke ukaondolewa katikati. Mwaka 2023 Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA, lilitangaza kuwa mfumo huo, pamoja na ule unaokusanya jasho na unyevu wa pumzi, umefikia kiwango cha kurejesha asilimia 98 ya maji.

Ufumbuzi mwingine ulikuwa rahisi zaidi. Mwaka 2008 mwanaanga Don Pettit alikunja karatasi ya plastiki akatengeneza kikombe chenye pembe kali upande mmoja. Kahawa ilipanda yenyewe katika pembe hiyo hadi mdomoni, na kwa mara hiyo hakuhitaji kunyonya kinywaji chake kwa mrija kutoka mfukoni.