Tufe la Eiffel na Upepo wa Göttingen

Gustave Eiffel, yuleyule ambaye kampuni yake ilijenga mnara wa Paris wa mwaka 1889, aliutumia uzee wake kupimana nguvu na upepo. Alianza kwa kuangusha mabamba kutoka mnarani. Mwaka 1909 akajenga handaki la upepo, yaani njia ya kupulizia modeli hewa ili zipimwe, palepale Champ de Mars, na mwaka 1912 akalihamishia Auteuil, kwenye jengo lililopo hadi leo. Mimi nafundisha mambo ya hewa na mabawa katika chuo cha ufundi, na hakuna kisa ninachowarudia wanafunzi kama ubishi wake na Wajerumani juu ya tufe.

Huko Göttingen, Ujerumani, mtaalamu wa hewa Ludwig Prandtl alikuwa na handaki lake tangu 1908, la mita mbili kwa mbili, upepo wake ukifika takriban mita 10 kwa sekunde. Yeye na wenzake wakapima ukinzani wa hewa kwenye tufe, wakatoa kigawo chao, yaani namba inayoonyesha jinsi umbo linavyozuiwa na hewa. Eiffel naye akapima. Chake hakikufika hata nusu ya kile. Mtaalamu wa hewa Theodore von Kármán alisimulia baadaye kwamba mhandisi mmoja kijana wa Göttingen alisema mzee atakuwa amesahau kuzidisha kwa mbili. Maneno hayo yalimfikia Eiffel, yakamchoma. Akarudi handakini na kupima tufe kwa kasi nyingi tofauti. Akaona kioja: kasi ikivuka kiwango fulani, kigawo kinaporomoka ghafla.

Mwaka 1914 Prandtl akaeleza sababu. Utando wa hewa unaogusa tufe ukipita kwa utulivu, hubanduka mapema na kuacha nyuma mkia mpana wa misukosuko, na mkia huo ndio unaolirudisha tufe nyuma. Utando ukivurugika, hung'ang'ania tufe kwa muda mrefu zaidi, mkia unakonda na ukinzani unashuka. Ili kuthibitisha, alilivisha tufe pete ya waya mwembamba, mbele kidogo ya kiuno chake, avuruge utando kwa makusudi. Ukinzani ukashuka hapohapo Göttingen. Kumbe wote wawili walikuwa wamepima sawasawa.

Kinachoamua kama utando utatulia au utavurugika ni namba ya Reynolds: zidisha kasi kwa ukubwa wa kitu na kwa densiti ya hewa, kisha gawanya kwa mnato wake. Modeli ikiwa ndogo mara 20 kuliko ndege, kwa kasi ileile, namba nayo hushuka mara 20, na hewa hubadili tabia.

Udogo huo uliwapotosha hata waanzilishi wa ndege: ndugu wawili Wright, mwaka 1901, walipima vibawa vidogo katika duka lao la baiskeli mjini Dayton, ndani ya sanduku la mbao lenye upana wa sentimita 40 hivi. Mizani yao ilitengenezwa kwa spoku za baiskeli na vipande vya msumeno. Kwa udogo huo, bawa jembamba lilionekana bora. Kwa ndege yao ya 1903 lilitosha, lakini wabunifu wengi waliendelea kuamini hivyo hadi Vita Kuu ya Kwanza. Handaki kubwa la Göttingen la mwaka 1917 ndilo lililoonyesha sifa za bawa nene, na ndege ya kivita Fokker D.VII ya 1918 iliruka nalo.

Kuta nazo zina hila yake. Modeli kubwa ikiwekwa katika handaki dogo lenye kuta, hewa hubanwa ubavuni, ikaongeza kasi, na ukinzani ukaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Sakafu na dari huzuia bawa kusukuma hewa chini, hivyo nguvu ya kuinua hutiwa chumvi. Ndiyo maana nawakazania wanafunzi: modeli isizibe zaidi ya asilimia 5 ya njia ya upepo.

Kwa tatizo la udogo wa modeli, Wamarekani walijaribu dawa mbili huko Langley, Virginia. Max Munk, mwanafunzi wa Prandtl, alibuni handaki ndani ya tangi la chuma, hewa ikashindiliwa hadi angahewa 20, ili modeli ya moja ya ishirini ipate namba ya Reynolds ya ndege kamili. Mwaka 1931 likafuata handaki la mita 9 kwa 18, lililomeza ndege nzima.

Basi msomaji, ukiletewa takwimu ya ukinzani wa gari, ndege au jengo, usiikubali wala usiikatae kabla ya kuuliza: handaki lilikuwa na upana gani, modeli ilikuwa kubwa kiasi gani, upepo ulikwenda kwa kasi gani, na hewa ilishindiliwa kiasi gani. Asiyeweza kukujibu hayo manne hajakupa kipimo.