Kizibo cha Kaakaa: Ufundi wa Kale na Njia ya Mgonjwa wa Buseresere

Mpasuko wa kaakaa, yaani uwazi anaozaliwa nao mtoto kwenye paa la kinywa kwa sababu pande mbili za kaakaa hazikuungana akiwa tumboni, hutajwa mara chache kuliko mdomo sungura unaoonekana usoni, ingawa ndio unaopitisha maziwa puani na kuifanya sauti itokee huko. Kabla ya upasuaji kumudu kuuziba, mafundi walikuwa wakitengeneza obturata, bamba linalokaa kinywani na kufunika uwazi huo.

Katika karne ya 16, mpasuaji Mfaransa Ambroise Paré alieleza bamba la dhahabu au fedha lililoshikiliwa na sponji iliyovimba kwa unyevu, na mwaka 1728 Pierre Fauchard akachapisha miundo yenye mbawa za kulishikilia. Lakini vifaa hivyo vilifaa zaidi kwa matundu ya kaswende na majeraha. Mpasuko wa kuzaliwa ulikuwa mgumu zaidi, kwa kuwa kaakaa laini la nyuma husogea mtu anapomeza na kusema, na bamba lisilosogea haliwezi kuifanya kazi hiyo peke yake. Mwaka 1859 Norman Kingsley wa Marekani alitengeneza kaakaa la mpira laini lililosogezwa na misuli ya mgonjwa mwenyewe, na mwaka 1867 Wilhelm Süersen wa Berlin akaonyesha kwamba hata kizibo kigumu kinatosha iwapo misuli ya koo itakibana kutoka pande zote. Wakati huohuo Bernhard von Langenbeck alikuwa ameeleza, mwaka 1861, namna ya kufunga kaakaa gumu kwa nyama ya jirani, na kuanzia hapo upasuaji ulichukua nafasi ya kwanza, huku obturata ikibaki kwa mipasuko mipana mno, kwa matundu yaliyofunguka tena baada ya upasuaji, na kwa watu wazima waliokosa tiba utotoni.

Kundi hilo la mwisho ndilo linaloihusu Buseresere, mji wa biashara wa Wilaya ya Chato, mkoani Geita, Tanzania, uliopakana na Katoro katika ukanda wa dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita wa enzi za ukoloni ulifungwa mwaka 1966, mwingine ukaanza uzalishaji mwaka 2000, na wachimbaji wadogo wamechimba pande zote. Inauma kufikiri kwamba ardhi iliyotoa madini yaleyale aliyoyatumia Paré ilikaa muda mrefu bila hospitali kubwa ya rufaa. Mgonjwa alielekea Bugando, Mwanza, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, akivuka ghuba ya Ziwa Victoria kwa kivuko kati ya Busisi na Kigongo. Kati ya Aprili 2004 na Aprili 2009, Bugando ilihudumia wagonjwa 240 wenye mipasuko ya mdomo na kaakaa.

Safari moja inaweza kutosha kwa upasuaji wa mdomo, lakini haitoshi kwa obturata. Daktari huchukua alama ya kinywa, fundi sanifu wa meno humimina plasta, huchonga umbo kwa nta na kulibadilisha kuwa akriliki, kisha bamba hujaribiwa na kupunguzwa mpaka lisichubue. Mtoto naye hukua, taya likapanuka, na kifaa kikahitaji kutengenezwa upya. Kwa sababu hiyo kambi za upasuaji, pamoja na wema wake wote, haziwezi kuchukua nafasi ya karakana ya kudumu iliyo karibu na mgonjwa.

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Chato ilianza huduma mwaka 2021, na daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Safari imefupishwa, lakini wanaopanga huduma za afya za Kanda ya Ziwa wanapaswa sasa kuhakikisha kwamba upande wa Geita una fundi sanifu, plasta na akriliki, ili mtu mzima wa Buseresere mwenye uwazi kaakaani apate kizibo chake bila kuvuka ghuba kila kinapomchubua.