Akiba Haiozi: Hifadhi ya Muziki Majumbani, tangu Santuri hadi Ghala la Mtandao

Wahenga walisema kuwa akiba haiozi. Methali hii twaitumia kila siku, lakini mwenye kupata kufungua sanduku la kaseti baada ya masika kumi atakubali kwamba ina sharti ndani yake: akiba haiozi ikiwa ina mtu wa kuitazama. Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi muziki ulivyohifadhiwa katika nyumba zetu kwa muda wa karne moja hivi, na jinsi chombo cha siku hizi, yaani ghala la mtandao la nyumbani, kilivyochukua nafasi ya kabati la santuri. Tutaonyesha pia kuwa chombo hubadilika, lakini wajibu wa mwenye nyumba ni ule ule.

Kabla ya mashine kuingia nchini, wimbo haukuwa na ghala jingine ila vifua vya watu. Manju alitunga, wacheza ngoma wakaitikia, watoto wakaokota. Na kwa kuwa wimbo ulikaa katika vifua vingi, kifo cha mtu mmoja hakikuuzika pamoja naye. Hiyo ilikuwa hifadhi yenye nakala nyingi, ingawa kila nakala ilikuwa na tofauti zake. Tuikumbuke hoja hii, maana tutairudia.

Mwaka 1877 Thomas Edison wa Marekani alifanikiwa kuinasa sauti ya binadamu na kuirudisha tena kwa mashine, na miaka kumi baadaye Emile Berliner akabuni gramafoni ya sahani bapa, ambayo ndiyo mama wa santuri. Huku kwetu, jina lisilosahaulika katika habari hizi ni la Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja. Mwaka 1928 Siti na wenzake walivuka bahari kwenda Bombay, India, wakarekodiwa na kampuni ya Gramophone, na santuri zao zikasikika katika pwani ya Afrika Mashariki. Upande mmoja wa santuri ya siku zile ulichukua dakika tatu au zaidi kidogo tu. Taarabu yenye beti nyingi, iliyozoea kukesha na wapenzi wake, ikabidi ijipinde iingie katika kipimo cha sahani. Hata hivyo, ni kwa ajili ya sahani zile kwamba sauti ya bibi huyo, aliyefariki mwaka 1950, yasikika mpaka leo. Na Shaaban Robert alipomwandikia wasifu, alimwandikia mtu ambaye sauti yake ilikwisha kuingia majumbani kabla ya kitabu.

Baada ya uhuru, ghala kuu la muziki wa Tanzania Bara lilikuwa redio. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyochukua nafasi ya shirika la zamani la utangazaji mwaka 1965, ilirekodi bendi za dansi, vikundi vya taarabu, kwaya na ngoma katika studio zake, na kanda hizo ni urithi ulio chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania. Kiwanda cha kuchapa santuri hakikuwapo nchini. Santuri nyingi zilitengenezwa Nairobi, na mpaka wetu na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, ukakaa hivyo hadi 1983, njia hiyo nayo ikawa nyembamba. Kwa hiyo nyimbo nyingi za mafundi wetu zilibaki katika kanda za redio, wala hazikupata kuwa santuri. Aliyeupenda wimbo alingojea saa ya kipindi.

Mkombozi wa msikilizaji huyo alikuwa kaseti, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza na kampuni ya Philips mjini Berlin mwaka 1963, na ambayo katika miaka ya 1970 na 1980 ilienea katika miji na vijiji vyetu. Redio kaseti iliwekwa mezani, kidole kikangoja juu ya kitufe, na mtangazaji alipotaja jina la wimbo nyumba nzima ilinyamaza. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida alikuwa na uwezo wa kuhifadhi, si wa kusikiliza tu. Wengi walihifadhi pia yale ambayo redio haikuyafikia: mawaidha ya wazee, ngoma za harusi, hadithi za bibi.

Sisi nasi tulikuwa miongoni mwao. Mwaka 1986, tukiwa wanafunzi wa sekondari, tulishika redio kaseti katika harusi ya binamu yetu pale Tanga, tukainasa sauti ya mama yetu akiongoza nyimbo za kumwaga bibi harusi. Shangazi yetu wa Pangani alikuwa mgonjwa, hakuweza kuhudhuria; mama akaamuru kaseti ile inakiliwe, nakala apelekewe shangazi naye apate kufurahi. Hatukulifikiria tena jambo hilo kwa muda wa miaka mingi.

Wakati huo huo sauti ilikuwa ikigeuzwa kuwa hesabu. Sidii, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, huipima sauti mara 44,100 kila sekunde kwa kila upande wa kushoto na wa kulia, na vipimo hivyo huandikwa kwa tarakimu. Dakika moja ya muziki wa namna hiyo hutaka megabaiti 10 na zaidi. Ili tupate picha ya ukubwa wa mzigo huo, tukumbuke kwamba mashine ya kwanza ya diski za sumaku iliyouzwa na kampuni ya IBM mwaka 1956 ilikuwa na sahani 50, na zote pamoja zilibeba herufi milioni 5. Isingeweza kubeba hata nusu dakika ya sidii. Leo diski moja inayoenea kiganjani hubeba makumi ya maelfu ya nyimbo.

Wingi huu ulitulevya. Mama yetu alipokwisha kufariki, tuliihamisha kaseti ya harusi katika kompyuta ya nyumbani, na kwa kuwa sauti sasa ilikuwa "ndani ya kompyuta", kaseti yenyewe tuliiacha stoo, panya na unyevu wakafanya kazi yao. Usiku mmoja wa masika umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na diski haikuamka tena. Kijana wetu aliifungua mashine, akaifunga, akanyamaza. Hapo ndipo tulipomkumbuka shangazi. Naye hakuwapo tena duniani, lakini binti yake aliikuta ile nakala ndani ya kasha la khanga, kavu, imefungwa kwa kitambaa. Amri ya mama ya mwaka 1986 ndiyo iliyoiokoa sauti yake.

Baada ya tukio hilo tulijenga ghala. Chombo chenyewe ni kisanduku kidogo chenye diski mbili, kilichounganishwa kwa waya na ruta ya nyumbani. Asili yake ni ya zamani kuliko vijana wengi wanavyodhani. Mwaka 1984 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilieneza utaratibu wa kuiwezesha kompyuta moja kusoma mafaili yaliyo katika kompyuta nyingine kana kwamba ni yake. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walichapisha maelezo ya kuziunganisha diski nyingi za bei nafuu ili moja ikifa nyingine ziendelee. Mwaka 2001 kukatokea FLAC, namna ya kulikunja faili la sauti bila kutupa chochote, tofauti na MP3 ambayo huacha sehemu za sauti ili faili liwe jepesi. Kwa hiyo katika ghala huwekwa FLAC, na safarini huchukuliwa MP3.

Kazi ya ghala ni rahisi kueleza. Aliye sebuleni huchagua wimbo kwa simu. Ghala huanza kuutoa kidogo kidogo, na spika huimba huku sehemu iliyobaki ikiendelea kufika. Muziki hautoki nje ya nyumba, hivyo intaneti ikikatika wimbo haukatiki, wala kifurushi hakiliwi. Tahadhari mbili hazina budi kutajwa. Ya kwanza, diski mbili zenye kufanana hulinda dhidi ya kifo cha diski moja, wala hazilindi dhidi ya radi, moto, mwizi, au mkono wa mtoto unaofuta. Wataalamu husema ziwepo nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumba. Shangazi wa Pangani hakuisoma kanuni hiyo, lakini yeye ndiye aliyekuwa nakala ya mbali. Ya pili, mali bila daftari hupotea bila habari. Faili lisilo na jina la mtunzi, mwimbaji, mahali na mwaka ni sawa na kaburi lisilo na alama. Yatupasa tuyaandike hayo wakati wanaoyajua wangali hai.

Wapo watakaouliza kwa nini tujisumbue, ilhali kampuni kubwa hututiririshia kila wimbo kwa ada ndogo. Huduma hizo zina manufaa, na wasanii wetu wanapata wasikilizaji wa mbali. Lakini mpangaji asijidhanie mwenye nyumba. Mwaka 2008 moto katika majengo ya Universal, Hollywood, uliteketeza kanda asilia za wanamuziki wengi. Mwaka 2019 Myspace ilikiri kuwa imepoteza nyimbo zilizowekwa na watumiaji wake kwa zaidi ya miaka kumi. Ikiwa matajiri hao hupoteza, nani ataitunza kwaya ya kijiji chetu, ambayo hata katika orodha zao haimo?

Kwa hiyo twahitimisha kwa kusema kuwa hifadhi ya utamaduni wa taifa haiwezi kuachiwa maktaba moja, hata ikiwa imara namna gani. Taasisi zifanye kazi yake, na kila nyumba nayo iwe tawi. Haki za watunzi ziheshimiwe, kwani ghala la nyumbani si duka. Lakini kaseti za harusi, za misiba na za ngoma, ambazo hakuna atakayezitafuta ila sisi wenyewe, zitolewe stoo kabla masika mengine hayajafika, zinakiliwe, ziandikwe majina, na ndugu wa mbali apelekewe zake. Hapo ndipo vifua vingi vya zamani vitakapokuwa vimerudi kwa sura mpya, na akiba haitaoza.