Mji wa Mvita na Majengo Yake: Funzo Kwetu Sisi wa Kangemi



Katika kitabu hiki cha kila mwaka tumezoea kuwaletea hesabu ya fedha zilizoingia na zilizotoka, habari za waliofiwa wakasaidiwa, na karo za watoto zilizolipwa. Hayo mtayaona katika kurasa zifuatazo. Lakini kamati yetu imeona vema kutenga nafasi kwa habari za historia, na mwaka huu tumeuchagua mji wa Mombasa. Huenda mwanachama akauliza, "Mombasa na Kangemi, wapi na wapi?" Jibu letu ni kwamba barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Uganda hupita ubavuni mwa Kangemi, na mambo mengi yaliyotufikia huku, ya heri na ya shari, yalishuka kwanza katika bandari ile. Tena ndani ya majengo ya mji ule mna funzo linalokihusu chama chetu hasa, nasi tutalieleza mwishoni.

ASILI YA MJI

Mombasa ni kisiwa, na jina lake la kale ni Mvita. Masimulizi ya wenyeji humtaja malkia Mwana Mkisi, na baada yake Shehe Mvita, kuwa ndio waliouanzisha mji. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Moroko alilala hapo usiku mmoja. Aliandika kwamba chakula cha watu wake ni ndizi na samaki, kwamba nafaka yao huletwa kutoka nje ya kisiwa, na kwamba misikiti yao ni ya mbao, nayo imejengwa kwa ustadi.

Mji huo ulikuzwa na upepo. Kaskazi ilivuma ikaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi; kusi ilipoanza, ikayarudisha makwao. Kati ya pepo hizo mbili mabaharia walikaa miezi wakingoja, na katika kungoja wengine walioa, wakazaa, wakazikwa papo hapo. Wenyeji nao walijipanga katika mataifa kumi na mawili: Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe; na Tisa Taifa, ambao Wamvita ni miongoni mwao. Majina kadhaa kati ya hayo, kama Wapate na Wamtwapa, yaonyesha kwamba wengi wao walitoka miji mingine. Mji ule, kama huu wetu, ulijengwa na wageni waliokubali kuwa wenyeji.

Vasco da Gama alifika mwaka 1498. Mwaka 1505 Wareno wakauteka mji na kuuchoma moto, na mwaka 1528 wakaja tena na kufanya vivyo hivyo. Kila mara watu walirudi, wakachimbua majivu, wakajenga upya.

NGOME

Jengo mashuhuri kuliko yote ni Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 mlangoni mwa bandari. Ramani yake ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, fundi wa Kitaliano, na umbo lake likitazamwa kutoka juu lafanana na mtu aliyelala chali. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, yaliyochongwa katika mwamba ule ule ulioibeba.

Wengi huihesabu ngome hiyo kuwa habari ya Wareno, Waarabu na Waingereza tu. Hilo si kweli. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa aliyelelewa na Wareno wakamwita Dom Jerónimo, aliingia ndani yake, akamwua kamanda wake na kuuasi utawala wao. Tena mwezi wa Machi 1696 Waarabu wa Omani waliizingira, wakaizingira karibu miaka mitatu. Kufikia katikati ya mwaka 1697 maradhi yalikuwa yamewamaliza Wareno waliokuwa ndani, na ulinzi ukabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, jamaa zake kumi na saba, wanaume wachache wa Kiafrika, na wanawake wa Kiafrika wapatao 50. Watu hao waliishika ngome mpaka msaada ulipokuja mwezi wa Septemba. Omani iliitwaa Desemba 1698. Majina ya makamanda yameandikwa. Ya wanawake wale hamsini hatuyaoni popote. Tunawaomba wasomaji walishike jambo hili, kwani tutalirudia.

Baada ya hapo ngome iliwahi kuwa makao ya maliwali, na kuanzia mwaka 1895 Waingereza waliifanya gereza. Watu waliingia humo kwa minyororo hadi mwaka 1958. Ndipo ikahifadhiwa, na mwaka 1962 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Humo leo mna vitu vilivyotolewa katika merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Mwaka 2011 shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya urithi wa dunia. Basi mahali palipokuwa pa kutisha, mtoto wa shule huingia leo akiwa na daftari mkononi.

MJI WA KALE

Ukitoka ngomeni na kuifuata njia iitwayo Ndia Kuu, unaingia Mji wa Kale. Nyumba zake za zamani zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zikashikwa na boriti za mikoko. Upana wa chumba haukuweza kuupita urefu wa boriti, na kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba: mti wa mkoko ndio uliompimia fundi. Mbele ya mlango uliochongwa nakshi pana baraza ya mawe, ambapo mgeni huketishwa na habari za mtaa huzungumzwa. Juu pana roshani za mbao, ambazo mtu wa ndani huweza kupunga upepo na kutazama njia pasipo kuonekana.

Katika mtaa huo umesimama Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa kuwa ulijengwa mwaka 1570, na mnara wake mweupe huchongoka kuelekea juu. Bandari ya majahazi iko chini yake. Biashara kubwa ilihamia Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, ambako gati za maji ya kina kirefu zilianza kutumika katika miaka ya 1920.

Huko Kilindini kuna historia nyingine isiyokuwa na mnara. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa bandari, wa reli na wa kazi nyingine waligoma kwa sababu ya mishahara midogo na makao mabaya, na Chege Kibachia akawa kiongozi wao. Wengi wao walikuwa watu wa bara, walioacha wake na watoto vijijini, wakilala wengi katika chumba kimoja. Hali hiyo mwanachama wetu yeyote aliyewahi kupanga chumba Kangemi hana haja ya kuelezwa.

Ng'ambo ya kisiwa, mahali paitwapo Kengeleni, pamesimama mnara mdogo wa kengele. Hapo ndipo ilipokuwa Frere Town, mji wa watumwa waliookolewa, ulioanzishwa na wamisionari wa Kiingereza katika miaka ya 1870. Kengele ile ilipigwa kuwaonya watu kwamba wateka watumwa wanakuja. Ni mnara usioshinda mti wa mwembe kwa urefu, lakini sisi twauhesabu pamoja na ngome.

MAJENGO HUSIMAMA KWA NINI

Sasa twafika kwenye jambo letu. Ngome ilisimama kwa sababu serikali moja baada ya nyingine iliihitaji. Lakini misikiti, visima na makaburi ya Mji wa Kale, ambayo hayakuwa na serikali ya kuyatazama, yalisimama kwa nini? Yalisimama kwa wakfu. Mwenye nyumba au duka aliliweka wakfu, yaani alijinyima haki ya kuliuza, akaamuru kwamba kodi yake itengeneze msikiti, inunue mikeka na mafuta ya taa, isafishe kisima, imzike maskini asiye na jamaa. Akafa, na kodi ikaendelea kufanya kazi baada yake.

Pasipokuwa na mpango wa namna hiyo, mambo yalikwenda vingine. Nyumba ikarithiwa na watoto, kisha na wajukuu, hata wenyewe wakawa wengi. Kila mmoja alikuwa na sehemu, wala hapakuwa na mtu wa kupaka chokaa. Mvua ikaingia katika boriti, na nyumba iliyosimama miaka mingi ikaanguka kwa ufa ambao fundi mmoja angeuziba kwa siku moja. Mnamo mwaka 1990 Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa kwa sheria. Sheria ni jambo jema, lakini sheria haipandi juu ya dari kutazama panapovuja.

KUTOKA PWANI HADI KABETE

Mwaka 1888 kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilipata hati ya malkia wao, ikaweka makao yake Mombasa. Kutoka huko misafara yake ilipanda bara. Mwaka 1890 Lugard alifanya mapatano na Waiyaki wa Hinga huko Dagoretti. Mwaka 1891 ikajengwa Fort Smith huko Kabete, si mbali na hapa tulipo. Mapatano hayakudumu. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa ndani ya boma hilo, akapelekwa kwa nguvu kuelekea pwani, akafa njiani, Kibwezi, kabla ya kuiona bahari. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899.

Vijana wetu huipita kila asubuhi barabara iitwayo kwa jina la Waiyaki, wakikimbilia kazini. Wangapi kati yao wajua kwamba mzee huyo alikuwa jirani yetu?

Hata nyumba zilisafiri. Nyumba ya Kiswahili ya Majengo ya Mombasa, yenye ujia katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma, ilipanda na watu wa pwani ikajengwa Pumwani. Nasi wa Kangemi, tunaokaa katika safu za vyumba vinavyotazamana uani, tunalijua vizuri jambo ambalo ua hufundisha: kwamba mgonjwa wa chumba cha tatu ni mgonjwa wa ploti nzima.

FUNZO

Hatuna budi kukiri aibu yetu. Kitabu cha kwanza cha kumbukumbu za mikutano ya chama hiki hakipo tena. Kiliwekwa katika chumba cha kupanga. Mabati yakavuja msimu mmoja wa masika, na tulipofungua sanduku tulikuta kurasa zimeshikana kama mkate. Majina ya watu waliotoa shilingi za kwanza, ambao baadhi yao walikuwa akina mama wauza mboga wasiojua kuandika, sasa yamo katika vichwa vya wazee wawili tu. Wao ndio wanawake wetu hamsini wa ngomeni. Wakitutoka wazee hao wawili, hatutakuwa na pa kuuliza.

Kangemi haina ngome wala mnara wa kale, na nyumba za mabati zinabomolewa kila mwezi kupisha maghorofa. Hatuwezi kuyazuia hayo, wala hatusemi kwamba kila bati ni urithi. Lakini twaweza kufanya walivyofanya watu wa Mvita: kuweka kitu kando ambacho hakuna hata mmoja wetu awezaye kukiuza. Kwa hiyo kamati yaleta mambo mawili mbele ya mkutano mkuu. La kwanza, kwamba wanachama watatu wachaguliwe kuwaendea wazee wale wawili na kuandika majina yote kabla ya masika yajayo, na nakala ziwekwe katika nyumba tatu mbalimbali. La pili, kwamba sehemu ndogo ya ada ya kila mwaka itengwe, isiguswe kwa haja nyingine yoyote, iwe ya kutunza kumbukumbu hizo na kuwazika wasio na jamaa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyufa zetu twazijua zilipo. Twawaomba ndugu wanachama mje mkutanoni mkiwa mmeyafikiri haya.